Kinani ni kwa Wenye Uzoefu

Bwana Mhina alipofariki nilipigiwa simu asubuhi nikiwa nakamulia limau kwenye uji, na sikuacha kukamua. Nilimuuliza aliyenipigia amekufa na nini, akasema sukari, nikasema Mungu amrehemu, nikanywa uji wangu wote. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi. Nimefumba macho ya watu wengi wema, kwa hiyo machozi yangu siku hizi nayatoa kwa kubagua. Hata hivyo hitma yake nilikwenda, kwa sababu ilisomwa Old Korogwe, mtaa ambao niliishi mwaka mmoja tu wa ujana wangu na ambao sijawahi kuumaliza kichwani. Tulikaa kwenye majamvi, wanawake upande wa uani, na kupitia dirishani tuliwasikia wanaume wakimsifu marehemu. Mmoja alisema bila yule mzee leo tusingekuwa na samaki hata wa kuonja. Mwingine, kijana aliyevaa kofia yenye picha ya ndoano, alisema marehemu alikuwa mlinzi wa mto, na wao waliokuja juzi juzi wanakula jasho lake. Nilicheka. Nilijiziba kanga usoni haraka, na mama aliyekaa karibu yangu akadhani nalia, akanisugua mgongo akiniambia, "Pole dada, ndiyo kazi ya Mungu."

Na kweli aliupenda mto. Nalisema hilo mapema ili nisionekane namsingizia marehemu. Aliupenda kuliko nilivyowahi kumwona mtu mwingine akipenda kitu kisichoweza kumjibu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mwaka ule niliyaona mapenzi yale yakifanya kazi, na tangu hapo mtu akiniambia anapenda mahali fulani, mlima au ziwa au msitu, namtazama kwa jicho la pembeni na kujiuliza nani atafukuzwa.

Kwa nini nilitolewa kwetu Lutindi nikapelekwa kwa shangazi ni habari ndefu na haina faida hapa. Nilifika Old Korogwe nikiwa msichana aliyemaliza shule bila kujua aende wapi, nikaonyeshwa stoo yenye magunia ya makopa ya muhogo na vitunguu, nikaambiwa hapo ndipo nitakapolala na Mwanaidi. Shangazi alipika chakula cha kuuza. Ukumbi wake wa mbele ulikuwa na meza moja ndefu ya mninga iliyochubuliwa na sahani, na uani kulikuwa na jiko la mafiga makubwa ambalo halikupoa tangu alfajiri hadi jioni. Mwanaidi ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia. Alikuwa Mzigua wa bondeni, rika langu, mwenye mchumba tayari na kicheko ambacho wateja walikisikia tangu barabarani. Siku ya kwanza alinipeleka mtoni kuchota. Mimi maji nilikuwa nayajua kwa namna ya kwetu milimani: yanashuka yenyewe kutoka kwenye chemchemi, yanapita kwenye bomba, unakinga, vidole vinakufa ganzi kwa baridi. Pale nikakuta mto mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, umenyamaza. Nikauliza kama maji yale wanakunywa. "Hapana, Mshambaa," akasema Mwanaidi, "tunayatazama tu, halafu tunakufa na kiu." Alicheka mpaka ndoo ikamtoka mkononi.

Mahali pale tulipaita Kinani, kwa kuwa mto ulijikunja na kufanya kina kirefu karibu na ukingo. Ukingo wenyewe ulikuwa wa mawe na changarawe, hauna kichaka, unaona mbele na pembeni. Na majini wanawake walikuwa wamekita miti na kuisuka kwa fito ikawa wigo. Ndoo inazamishwa ndani ya wigo, mamba anabaki nje. Masika yakija mafuriko yanaubomoa, maji yakipungua wanawake wanakusanyika na mapanga na kuukita upya, wakiimba na kutukanana kwa utani. Nilishiriki mara moja, nikiwa nimeshikilia mti huku Mwanaidi akiupiga kwa jiwe. Aliniambia wigo ulianza kabla hatujazaliwa, baada ya mtoto wa mama mmoja kuchukuliwa pale pale. Jina la mtoto hakuna aliyelikumbuka tena.

Jumamosi zilikuwa za wavuvi. Nikisema wavuvi usifikirie watu wa mitumbwi na nyavu, wanaovua wakala. Hawa walikuwa watu wazima wenye shughuli zao, waliokuja kukaa Kinani na ndoano kwa starehe, kila mtu na kigoda chake na chupa yake ya chai. Mtaani walionekana kituko, kushinda juani kwa ajili ya samaki anayeuzwa sokoni. Kiongozi wao alikuwa Bwana Mhina, mfanyabiashara wa mahindi, ambaye wakati ule alikuwa bado anaishi kwao Kwaluguru, upande wa Handeni, na kila Jumamosi alikuja na pikapu yake. Samaki mwenyewe alikuwa hampendi, alisema ana shombo. Alitaka tu kumvua. Wa pili alikuwa Mwalimu Hoza, mstaafu, mwembamba, mwenye sauti ya darasani hata akiomba chumvi. Wa tatu alikuwa Kassimu, fundi redio, kijana aliyejiunga mwaka ule ule na ambaye hata chambo alikuwa anafungiwa na wenzake. Walikuja wengine, lakini hawa watatu ndio walioshika mazungumzo mezani kwa shangazi, saa ya chakula cha mchana, wakati mimi na Mwanaidi tukipakua wali au bada, ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa kambale waliowavua wenyewe.

Ukipakua chakula unasikia mengi, kwa sababu watu wanaona sufuria, hawakuoni wewe. Nilisikia hadithi za Mwalimu Hoza kuhusu kambale aliyemvua mwaka wake wa kwanza mtoni, ambaye alibebwa na watu wawili na mkia ukaburuza. Kila juma kambale yule alirefuka, na kila juma mto ulizidi kuharibika. "Mimi nautaka mto nilioukuta," alikuwa akisema, akigonga meza kwa kidole. "Nilipoanza kuvua hapa hapakuwa na kelele, hapakuwa na mapovu ya sabuni, hapakuwa na hiyo miti yenu inayonasa mishipi." Bwana Mhina yeye alikuwa na hadithi ya lambo la kwao. Alisema alipokuwa mdogo lambo lile lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mkali, na maji yalikuwa safi. Mwenyewe alipokufa kila mtu akaingia, ng'ombe wakaingia, wanawake wakafulia humo humo, na kiangazi kimoja kikakuta tope. Mdogo wake alikufa kwa kuhara mwaka ule. Aliisimulia bila kupaza sauti, akiikata nyama yake vipande vidogo vidogo. "Mimi nimeona maji yakifa," alisema. "Ninyi wa huku mnafikiri mto haufi." Kassimu ndiye pekee aliyefurahi na mto kama ulivyo. Akipata perege wa kutosha kiganja anamwinua watu wamwone. "Mbona pazuri hapa, wazee!" Wakamcheka. Walimwambia hajui alichokikosa.

Nimefikiria sana meza ile. Nimeshauguza watu wa kila aina, na nimeona mgonjwa akikataa sindano kwa sababu ya sindano moja aliyochomwa utotoni, na mwingine akiidai kwa sababu ile ile. Wale wazee nao kila mmoja alikuwa na siku yake moja ya maji aliyoibeba moyoni, na alitaka mto mzima uendeshwe kwa kuifuata siku ile. Mwalimu alitaka irudi siku ya kambale. Mhina alitaka isirudi siku ya tope. Mimi pia, mkinicheka ni haki yenu, nilitaka bomba la Lutindi. Tofauti ni kwamba mimi hakuna aliyeniuliza.

Sasa kulikuwa na kitu walichokifanya ambacho wao wenyewe waliona ni ufundi wa hali ya juu. Kila Alhamisi mmoja wao alikuja kukilisha kina, ili samaki wazoee pale na Jumamosi wakutwe wamejaa. Walichukua pumba na machicha ya pombe, wakachanganya na utumbo wa mbuzi kutoka machinjioni, vikachemshwa kwenye pipa uani kwa shangazi mpaka harufu ikawafukuza kuku. Kazi ya kuchemsha ilikuwa yetu. Wao waliiita kuufuturisha mto, na jina hilo liliwafurahisha sana, hata Mwalimu ambaye hakuwa mtu wa mzaha. Samaki walikuja kweli. Nyuma yao akaja mamba. Zamani, wanawake walisema, mamba alikuwa akipita tu, wanamwona leo, hawamwoni tena hadi mvua nyingine. Mwaka ule alikaa. Tulikuwa tunamwona ng'ambo ya pili amejilaza mchangani na mdomo wazi, amenenepa. Mwanaidi alimwambia Bwana Mhina waziwazi akimwekea sahani: "Mzee, mnyama wenu anapendeza. Futari imemkubali." Bwana Mhina hakucheka. Alisema mamba anafuata ukoko wa masufuria ya wanawake, na kwamba jambo hilo lishughulikiwe.

Likashughulikiwa. Mwenyekiti wa mtaa, mtu mnene aliyependa kula kwa shangazi bila kuulizwa kitu, aliitisha kikao pale pale ukumbini. Wavuvi walikaa mezani, wanawake wa mtaa walisimama ukutani, na sisi wawili tulisimama mlangoni na birika za chai. Bwana Mhina alizungumza vizuri, nampa haki yake. Alisema mto unachoka, hauwezi kubeba kila kitu, na lazima mahali pamoja paachwe papumzike. Alipendekeza kuanzia Alhamisi hadi Jumapili mtu asichote wala kuosha chombo Kinani, wachote chini kidogo kwenye matete, na ule wigo ung'olewe. Mama mmoja akasema kwenye matete huoni mbele. Mwenyekiti akamwambia angoje, kwanza tuwasikie wenye uzoefu wa mto. Akawapa nafasi wavuvi, mmoja mmoja, kila mtu akitaja miaka aliyovua kabla ya kutoa maoni. Aliyevua miaka mingi alisikilizwa kwa utulivu. Kassimu alianza kusema haoni ubaya wa wigo, akaulizwa ana muda gani mtoni, akakaa chini kwa aibu. Ndipo Mwanaidi akaweka birika sakafuni.

"Mimi nachota pale tangu nikiwa tumboni mwa mama," alisema. "Mama yangu alichota, bibi yangu alikita ile miti. Uzoefu gani mnaoutaka zaidi ya huo?"

"Kuchota maji si uzoefu, binti," alisema Mwalimu Hoza kwa upole kabisa. "Hata punda anachota."

Walicheka wote, na mwenyekiti alicheka mpaka chai ikampalia. Cheko lile ninalisikia hadi leo vizuri zaidi kuliko mambo mengi mema niliyoambiwa maishani. Mwanaidi hakulia. Alisema, "Sawa, Mwalimu. Punda ndiye anayewapikia," akaingia uani. Ijumaa ile wigo uling'olewa kwa kamba iliyofungwa nyuma ya pikapu, na ile miti shangazi akapewa akaifanye kuni. Tuliipikia. Ilikuwa mibichi kwa ndani, ikatoa moshi mwingi, na Mwanaidi kila akipuliza moto aliitaja kwa majina ya wanawake walioikita.

Kwenye matete njia ilikuwa nyembamba na tope linateleza. Ukifika ukingoni ni lazima uinamie maji, na mbele yako ni majani tu. Tulizoea kutupa mawe kwanza, kisha mmoja anachota na mwenzake anatazama. Siku ile ilikuwa Jumamosi, wavuvi walikuwa wamevua sana, wakaagiza wali wa nazi kwa kila mtu, na maji yakaisha kabla mchele haujaoshwa. Shangazi alipiga kelele. Tulikwenda mbio. Nilitupa mawe, Mwanaidi akainama, na nilimwona akisimama kidogo kama mtu aliyeitwa jina, halafu ndoo ikaelea peke yake. Sikusikia kitu. Watu husema kuna kelele, lakini kelele zilikuwa zangu. Alikuwa ameshika matete kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ulikuwa umeingia majini mpaka begani, na uso wake ulikuwa umekasirika tu, umekasirika sana. Nilimshika kiunoni nikavuta.

Wavuvi walitusikia, kwa sababu Kinani hakukuwa mbali. Walikuja wote wakasimama juu ya ukingo. Bwana Mhina alikuwa anasema tusivute, tukivuta ndipo anapokaza. Mwalimu Hoza alikuwa anasema mtu asiingie, asiingie mtu majini, mamba hawi peke yake. Walikuwa wanasema kweli tupu, maneno ya watu wanaoujua mto. Kassimu aliwapita katikati yao na upondo wa mtumbwi aliouokota njiani, akaruka, maji yakamfika kifuani, akaanza kupiga na kuchoma asichokiona, akilia kwa hofu na kumwita mama yake. Mnyama akaachia. Angekuwa na uzoefu asingeingia, na Mwanaidi angechukuliwa mzima mzima. Hakurudi tena kuvua. Nilimwona miaka ya baadaye dukani kwake, tukasalimiana, akaniambia redio za siku hizi hazitengenezeki.

Mkono ulikatwa hospitalini juu ya kiwiko. Nililala chini ya kitanda chake muda wote aliokaa pale, na nadhani uuguzi wangu ulianzia kwenye ile sakafu ya saruji yenye baridi, nikisikiliza anavyosaga meno. Siku moja mchana wakaja Bwana Mhina na Mwalimu Hoza na mfuko wa machungwa. Mwanaidi akawaamkia, shikamooni, kwa adabu zote. Walimpa pole. Walizungumzia hali ya hewa. Kisha Bwana Mhina akavuta kiti karibu na kusema afisa wa wanyamapori anakuja na bunduki, na atamuuliza yeye, kama mwathirika, mamba gani.

"Yule wa Kinani hajawahi kumgusa mtu," alisema. "Huyu aliyekushika ni mwingine, wa chini kule. Ukimwambia afisa hivyo, utakuwa umesema kweli. Tukimuua yule wa Kinani watu wa nyavu hawataogopa tena kuingia. Watakimaliza kina kwa mwezi mmoja. Mimi nimeona maji yakifa, mwanangu."

Mimi nilitaka kumtupia choo cha kitandani. Nasema kweli, kilikuwa karibu na mguu wangu na hakikuwa kitupu. Mwanaidi aliyatazama machungwa kwenye mfuko, ambayo asingeweza kuyamenya. Hatimaye alisema atamwambia afisa hivyo wanavyotaka, iwapo wanawake watarudishiwa Kinani, siku zote za juma, na wigo wao ukitwe na wavuvi kwa mikono yao. "Mkikataa nitamwambia wa Kinani, na wa chini, na wa ng'ambo, awaue wote." Walitazamana. Mwalimu Hoza alianza kusema wigo unanasa mishipi, na Bwana Mhina akamwekea mkono gotini. Wakakubali. Walipokuwa wanatoka, Mwanaidi aliwaita akamwomba Mwalimu amenye chungwa moja, na Mwalimu akasimama pale akamenya, akitoa nyuzi zote nyeupe, na akamlisha.

Afisa alikuja, akaandika anachoandika, akaenda kupiga risasi chini kule kwenye matete na kuua kenge. Wigo ulikitwa. Nilikwenda kuwatazama wavuvi wakiwa wamekunja suruali, wakitota, na wanawake wakiwapigia vigelegele vya kejeli kutoka ukingoni, wakiwaelekeza kulia, kushoto, hapana, kushoto. Ilikuwa siku nzuri, sitaki kusema uongo. Mwanaidi hakuwepo. Alisema jua ni kali. Mwezi uliofuata mama wa mchumba wake alikuja kumjulia hali, tukampikia kuku. Alikula vizuri, akashukuru, akaaga. Mimi nilikuwa stoo nikichukua vitunguu, na kupitia ukuta nilimsikia barabarani akimwambia aliyemsindikiza, "Mtoto ni mzuri, hana neno. Lakini atasonga vipi ugali?" Hawakurudi. Tangu siku ile Mwanaidi alijifungia uani kila mchana, akakaa chini, akabana sufuria kwa nyayo mbili zilizofungwa matambara, akasonga kwa mkono wa kushoto. Aliungua. Sufuria ilipinduka, uji wa moto ukammwagikia mapajani, akaanza upya. Hakutaka nimsaidie wala nimtazame. Nilipoondoka kwenda chuo mwisho wa mwaka alinipa ugali aliousonga mwenyewe, mgumu kama tofali, tukaula na mboga ya mchunga, na mimi nilisema ni mtamu.

Kwa miaka mingi nimeisimulia habari hii kama habari ya ushindi. Nimewasimulia wanafunzi wangu wodini, nikiwaambia kwamba kuna mwanamke Korogwe aliyenunua maji ya mtaa mzima kwa mkono wake. Nilipomaliza kusimulia nilijisikia vizuri. Sikuwahi kujiuliza yeye mwenyewe anajisikiaje, na barua zake, alizomwagiza mtu amwandikie, zilikuwa za salamu tu na bei ya mchele.

Mwanaidi alikuwepo kwenye hitma. Amekuwa mwanamke mkubwa, mnene, mwenye heshima zake, ana chumba na ukumbi kwenye ile njia ya mtoni. Tulikumbatiana kwa muda mrefu, akaniambia nimezeeka vibaya. Baada ya dua na pilau mtoto wa marehemu, Idi, alisimama mlangoni mwa uani ili sote tumsikie. Wavuvi wa siku hizi wana chama, wana kofia, wanakuja na magari kutoka Tanga na Dar es Salaam. Idi alisema kwa lugha ya upole, ya baba yake kabisa, kwamba chama kinaomba kumuenzi marehemu kwa kupatenga Kinani, kuweka uzio na mlinzi, kuondoa miti iliyomo majini, ili pabaki kama marehemu alivyopakuta. Wanawake wa mtaa walianza kunung'unika. Mabomba yapo Old Korogwe siku hizi, ila kutoa maji ni jambo jingine. Mwenyekiti wa sasa, kijana, akainua mikono na kusema pale hapana wa kuamua ila Bibi Mwanaidi, maana kila mtu anajua Kinani palifunguliwa na nani. Wote wakageuka. Mimi nilikaa sawa kwenye jamvi nikamngoja awachane.

"Pafungwe," alisema Mwanaidi.

Nilidhani hajaelewa alichoulizwa. Mwanamke mmoja mchanga, ana mtoto mgongoni, alisema, "Bibi, bomba lina wiki halijatoa tone. Tukachote wapi?" Mwanaidi akamjibu kwamba hajui watachota wapi, yeye anajua tu kule kuna nini. Wavuvi wakapiga makofi, kwenye hitma, mpaka shehe akawatazama. Idi akaja akainama mbele yake akamwamkia kwa kumshika mkono alionao kwa mikono yake miwili.

Nilimfuata nje. Nilikuwa na hasira, umri wangu huu. Nilimuuliza amefanya nini, wale watoto watakwenda kuliwa, na yeye aliwalipia.

"Nililipa mimi," alisema. "Hukulipa wewe, Agnesi. Wewe ulienda chuo." Hakuwa na ukali. Alisema kila alfajiri, tangu mwaka ule, wanapita mbele ya mlango wake na ndoo, na ndoo zinagongana, na kila zikigongana yeye anakaa kitandani anahesabu vicheko vya kwenda ili ajue kama vya kurudi vimetimia. "Vikipungua kimoja, siku nzima siwezi kula. Kumbe mtu amebaki nyuma anafua. Nimechoka kuwasikia. Wapite kwingine. Wakifa, wafe njia nyingine."

Kanga yake ilikuwa imelegea kifuani, akaniomba nimfungie kwa kuwa mkono mmoja haukazi. Nikamfungia, nikavuta ncha kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, mpaka akaguna.